Mlango wa Chumba Namba Kumi na Mbili

Wageni waliokuja mji wetu wa Hakodate, Japani, kutembea siku mbili tatu walipenda kunisifia Hoteli Asanagi kana kwamba niliijenga mimi. Nilikuwa mapokezi, basi sifa zote zilinifikia mimi kwanza: ngazi za mbao zinazong'aa, vioo vya zamani vyenye mawimbi, ngisi mbichi wa asubuhi. Nilikuwa nainama na kushukuru. Lakini ule mng'aro wa ngazi ulikuwa wa Kuramoto Hatsue, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye magoti mabovu, aliyesafisha vyumba vyetu kwa miaka arobaini na mmoja.

Mwaka ule lilipopita tetemeko la ardhi, hoteli haikuanguka. Chokaa ilidondoka, sahani zikavunjika, wageni wakatoka salama. Mwenye hoteli, Bi Hidaka, akamwita mhandisi aje kupima. Bwana Nishikubo alizunguka siku nzima na vipimo vyake, kisha akatukusanya ukumbini.

"Upande wa mashariki uko salama," alisema. "Wa magharibi umelala. Sakafu imeinama, milango inakwaruza. Tetemeko limeusukuma, na likija jingine utaanguka. Ushauri wangu, ubomolewe."

Bi Hidaka alishika kiti. Upande ule ulijengwa na babu wa babu yake, na ndio wageni walioutaka zaidi. Hatsue, aliyesimama nyuma kabisa na kitambaa cha vumbi mkononi, akakohoa.

"Samahani, bwana. Ni milango ipi hiyo inayokwaruza?"

"Namba kumi na mbili, mama. Na kumi na nne."

"Kumi na mbili ilikuwa inakwaruza tangu siku niliyoanza kazi."

Mhandisi akatabasamu kwa adabu. "Mama, kipimo hakisemi uongo."

"Sijasema kinasema uongo. Kinakwambia nyumba imeinama. Hakikwambii imeinama lini."

Nilishtuka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia Hatsue akimjibu mtu hata mara moja. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya, lakini miguu ilikwishashika njia ya ngazi, nasi tukamfuata kama kondoo.

Alipofika chumba namba kumi na mbili alipiga magoti, akang'oa misumari midogo ya zulia kwa ncha ya mkasi, akalikunja zulia. Kwenye mbao, pale mlango unapopita, palikuwa na mfereji uliopinda kama mwezi mchanga, mweusi tititi.

"Mlango umechimba huu," alisema. "Kila tunapobadilisha zulia, masika, mimi huzipaka mbao hizi nta. Mkwaruzo wa juzi ungekuwa mweupe. Tia ukucha."

Bwana Nishikubo alipiga magoti kando yake, akatia ukucha. Nta ikatoka, tabaka juu ya tabaka, nene kama ganda la mshumaa. Aliuzungusha ule uchafu kati ya vidole.

"Kuna vingine unavyovijua?" aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa nyingine.

"Una muda?"

Walizunguka pamoja siku mbili. Hatsue alimwonyesha dirisha lililokataa kufungika tangu baridi kali ya ujana wake, na ubao uliolia kila mtu akiukanyaga kwa kisigino. Wala hakuipendelea nyumba. Kwenye kona ya bomba la moshi alisimama. "Ufa huu siujui. Huu ndio wa tetemeko." Mhandisi akauandika. Mwishoni ikaonekana kwamba jengo lilikuwa limelala vile kwa vizazi, na tetemeko lilikuwa limeharibu msingi wa kona moja tu. Mafundi waliimarisha kona ile, wakaufunga ukuta kwa vyuma, na baada ya miezi kumi na moja tukafungua tena upande wa magharibi.

Bi Hidaka alikataa kumpa chumba cha kwanza mgeni yeyote. Alimwinamia Hatsue mbele yetu sote, kwa kina ambacho sijamwona akimwinamia hata meya, akamwambia, "Dada Hatsue, wewe na mumeo mtalala hapa kwanza. Ni ombi."

Hapo ndipo tulipojua hajawahi kulala hotelini kwetu.

Alikuja Jumamosi mchana, amevaa kimono cha kijivu, na mumewe Teruo, dereva mstaafu wa tramu, akiburuta sanduku ambalo lingetosha mwezi mzima. Nilimwandikisha kama mgeni mwingine yeyote.

"Umeona?" Teruo aliniambia kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mke wangu amezuia jengo lisianguke. Nyumbani rafu ya jikoni imelala miaka sita, hajaigusa!"

"Ile ni kazi yako, baba," alisema Hatsue, na kila mtu akacheka, hata wapishi waliokuwa wakichungulia.

Asubuhi yake walishuka wakiwa wamepiga pasi hadi soksi. Nilimuuliza kama kila kitu kilikuwa sawa chumbani.

"Foronya moja imevalishwa kinyume," alisema. "Fusako ndiye aliyetandika; nitamwambia, taratibu." Kisha akainua kidevu. "Kitanda nimekiacha vilevile. Shuka huku, mto kule. Mikono iliniwasha, lakini nimekiacha. Mgeni hatandiki."

Akaweka ufunguo mezani kwangu, akamshika mumewe mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele.