Kabati la Mama Funguo

Mama Funguo aliisoma riwaya ile mpaka ukurasa wa mwisho, akaitupa sakafuni. Kurasa mia nne! Mauaji sita, watawa wenye bastola, ramani ya siri, yote ili msomaji ajue kilichofichwa katika kabati la kanisa. Na kabati lilipofunguliwa, eti lilikuwa tupu. Mtu mzima na akili zake kaketi, kaandika upuuzi huo, na watu wakamsifu.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba kabati lenyewe alilijua. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza kanisa: kufagia, kupiga kengele, kufua vitambaa vya madhabahu, na kutembea na funguo zote kumi na moja kiunoni, ndipo akapata jina. Mwaka juzi mwandishi alikuja, mpole huyo, akashinda wiki mbili jikoni kwake akila na kuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Alipouliza juu ya kabati la nyuma ya madhabahu, alijibiwa ukweli mtupu.

"Mwanangu, humo mna Biblia na vitabu vya nyimbo vilivyochakaa. Neno la Mungu halitupwi jalalani, na kulichoma sina moyo. Vinavyoshoneka navishona. Visivyoshoneka vinapumzika."

Mwandishi akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kumbe anaandika yake: mwanamke mtunza kanisa, funguo kumi na moja, anayeficha injili iliyopigwa marufuku! Hata makengeza yake hakumwachia, kayatia kitabuni.

Ingekuwa hasira ya kitabu kibaya tu, ingepoa. Lakini waumini nao walikisoma. Wanakwaya wakawa wananyamaza akiingia. Mwishowe mwenyekiti wa baraza la kanisa akamwambia arudishe funguo, "mpaka mambo yatulie." Mume alishakufa, watoto wako mbali, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kitandani.

"Jumapili mtaona kilichomo," alisema, "kisha mniombe radhi."

Jumapili baada ya ibada akalifungua kabati mbele ya watu wote. Akatoa kitabu kimoja kimoja, akipangusa vumbi kwa kanga.

"Hiki cha marehemu mama yako, mwenyekiti. Jalada nimelishona mara tatu."

Mwenyekiti hakukipokea. Watu walikuwa wamenyoosha shingo, na kila kitabu kilipotoka nyuso zikazidi kununa.

"Ndiyo haya tu?" mmoja akauliza.

Mwenyekiti akaingiza kichwa kabatini, akatazama kila pembe, kisha akageuka.

"Mama, vile vingine umevihamishia wapi?"

Damu ikampanda kichwani.

"Vingine vipi? Nimewafungulia mlango huu tangu wewe hujaota ndevu! Mimi mmenijua miaka ishirini na sita, yule mwandishi hamjakaa naye hata siku moja. Uongo wake mmeununua dukani, ukweli wangu nawapa bure mnautema! Hamna haya?"

Akazifungua funguo kiunoni, akazitia mkononi mwa mwenyekiti, akakichukua kitabu cha yule marehemu maana mwanawe hakukitaka, akatoka.

Hakuwa amefika hata getini aliposikia nyundo. Walikuwa wameanza kubomoa ukuta wa nyuma ya kabati.