Orodha Ambayo Sikuifungua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwanzoni mwa mwaka 2008, Nairobi ikiungua kwa sababu ya kura. Kanisa letu la Kabiro, Kawangware, lilijaa watu waliofukuzwa makwao, na mimi ndiye niliyejifanya mjuzi wa kompyuta. Makanisa jirani yalituletea majina ya waliojihifadhi kwao, nami nikaandika skripti, programu fupi, ya kutafuta jina katika orodha zote kwa mpigo.

Niliiandika nyumbani kwa binamu yangu, kwenye Windows, nikaielekeza ziliko faili kwa njia inayoanza na C:, jina la diski ya Windows. Kompyuta ya kanisa ilikuwa ya Linux, ambako hakuna C: yoyote. Tena nilikuwa nimezima ujumbe wa makosa ili skrini ipendeze. Majivuno tu, hakuna lingine.

Akaja Baba Ayub, seremala wa Kambi Muru kule Kibera. Nyumba yao ilichomwa, akapotezana na mama yake mzazi. Nikaandika jina, skripti ikajibu: Hayupo.

"Madam, hebu cheki tena," aliniomba.

"Baba, kompyuta haidanganyi. Hayupo."

Siku mbili alizunguka mochari. Siku ya tatu akawapigia simu watu wa nyumbani, magharibi, waanze matanga.

Siku hiyohiyo Mzee Mutua, mtunza kanisa, alikuwa akisoma orodha zilizochapwa karatasini. Jina la yule mama lilikuwamo. Alikuwa kanisa la mtaa wa Kongo, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu.

"Wewe uliangalia wapi?" Mzee aliniuliza.

Nikaipitia skripti yangu. Haikuwa imefungua hata faili moja.

"Basi hukuangalia," akasema. "Ungemwambia hivyo tu."

Na wengine niliowajibu vilevile? Tuliyatafuta upya majina yao kwenye karatasi, lakini baadhi walikuwa wameshaondoka.

Baba Ayub alipokuja kushukuru, akiwa ameshampata mama yake, nilimwambia jina lilichelewa kufika kwetu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Naona aibu hadi leo, maana sikuwahi kumwambia ukweli.

Kwa hiyo, mwanangu, usiandike njia ya mashine yako ukadhani kila mashine imepangwa hivyo. Skripti iulize kwanza iko kwenye mfumo gani, ihakikishe faili ipo, na isipoiona isimame na ipige kelele. Kukosa orodha si sawa na kumkosa mtu. Mungu aibariki mikono yako, na siku utakayokosea akupe ujasiri wa kusema "nimekosea" mwenye uchungu akiwa bado amesimama mbele yako.