Tarehe ya Mzee Nkwabi

Lusia, ambaye ofisini tunamwita Mama Mihayo, amebandika karatasi juu ya kompyuta yake: USIFUNGUE ORODHA. Ameibandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye ni Sabiti, bosi wetu. Mimi nakaa meza ya pili, na kwa miaka sita nimemsikia Lusia akigombana na mafaili zaidi kuliko anavyogombana na mumewe.

Kazi yake ni orodha za wagonjwa wa macho. Madaktari wa upasuaji huja Shinyanga mara moja kwa mwaka, wanakaa siku kumi, wanaondoka. Lusia huandika jina, simu na tarehe ya kila mgonjwa kwenye faili la maandishi matupu, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, na kulihifadhi kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8 ili majina ya kwetu yasiharibike. Kutoka hapo programu inawatumia wagonjwa ujumbe wa simu.

Sabiti hawezi kuona faili akaliacha. Analifungua kwenye kompyuta yake, ambayo tangu inunuliwe ina mipangilio ya Kimarekani, na ikimuuliza kama ahifadhi mabadiliko, anabonyeza ndiyo. Mabadiliko gani? Hajabadilisha kitu!

Mwaka huu, asubuhi ya kutuma ujumbe, Lusia alikuta akina Ng’wandu wote wamegeuka Ngâ€™wandu.

“Bosi, umelifungua tena?”

“Niliangalia tu, Mama Mihayo. Kwani kuangalia nako ni kosa?”

Lusia alisonya mpaka nikacheka. Akarudisha majina mstari kwa mstari, macho kwenye majina tu, huku akisema peke yake kwamba ipo siku atamfunga mtu mikono. Alipomaliza akasoma ujumbe wa mwishomwisho: 15 Juni, 16 Juni, 17 Juni. Zote sawa. Alikuwa amechoka na ana hasira, akatuma.

Kumbe kompyuta ya Sabiti ilikuwa imegeuza na tarehe, mwezi mbele, siku nyuma. Programu ya ujumbe inasoma siku kwanza. Ilipokuta 6/15 iliona hakuna mwezi wa kumi na tano, ikajirekebisha yenyewe. Ilipokuta 6/8 haikuona tatizo lolote, ikaandika 6 Agosti.

Tuligundua Juni 8, saa nne asubuhi, madaktari wamevaa tayari na benchi la wagonjwa liko tupu. Siku ile nilimchukia Sabiti, sifichi. Lusia alipiga simu mpaka sauti ikakauka, na katika siku zilizobaki wakafika wote isipokuwa Mzee Nkwabi wa Samuye, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Namba aliyoandikisha ilikuwa ya jirani.

“Si mlisema Agosti?” jirani alishangaa. “Mzee akaona muda upo, ameenda kwa binti yake Kahama. Mtaa siujui, na namba ya huyo binti sina.”

Lusia alikwenda Kahama mara mbili kwa nauli yake, akauliza sokoni, akauliza stendi. Juni 17 madaktari wakafunga masanduku yao.

Agosti 6 tulimkuta mzee mlangoni kabla hatujafungua. Amenyoa ndevu, shati jeupe limepigwa pasi, binti yake amemshika mkono.

“Shikamoo, baba,” Lusia alisema.

“Marahaba, mayu,” aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. “Mlisema tarehe sita. Nimewahi?”

Sabiti alikuwa nyuma yetu na funguo mkononi; akatupita, akafungua mlango. Lusia akamvutia mzee kiti, akakaa karibu yake. Ilimbidi amwambie kwamba madaktari watarudi Juni ijayo. Mzee aliugeuza uso kufuata sauti yake, akitabasamu, akingoja aambiwe aingie chumba gani.