Mashimo Niliyochimba Nikielekea Hamsini

Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe moja Januari. Hiyo ni kazi ya karani ambaye hakuwa na subira ya kumsikiliza mama. Mama anakumbuka vizuri: mvua ya njahi, ile ndefu, ilikuwa imeanguka alfajiri, watu wote wa Gakindu wako shambani wanapanda maharagwe, naye akaacha jembe limesimama kwenye udongo akakimbilia nyumbani kunizaa. Mimi namwamini mama. Kwa hiyo Januari, wenzangu wanapokesha kanisani na kuahidi kuacha sukari na umbea, mimi hukaa kimya. Mwaka wangu haujaanza. Huanza mvua inapogonga mabati, na maazimio yangu nayaweka wakati huo.

Mwaka huu nilikuwa natimiza hamsini, na azimio lilikuwa moja tu: nitapanda kahawa kwenye shamba la baba yangu. Mtu wa mbali atauliza, hilo nalo ni azimio? Si huku Mukurweini kila boma lina kahawa? Ni kweli, kila boma lina kahawa. Lakini hebu uliza ni nani aliyeipanda.

Niliolewa Mwea nikiwa msichana, nikarudi nikiwa mwanamke mzima, na yaliyotokea katikati hayana hadithi ndefu: mume alileta mke mwingine, mimi nikafunga mizigo. Nilipofika nyumbani baba alikuwa ameshafariki. Tumezaliwa wawili tu, mimi na ndugu yangu mkubwa, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Alikuja Jumamosi moja, akaniongoza hadi kwenye mteremko ulio chini ya nyumba ya mama, akanionyesha kwa kidole.

"Lima hapa kwa muda," akasema. "Mahindi, maharagwe, viazi. Miti hapana."

Miti hapana. Mtu wa kwetu akisikia hayo ameelewa yote. Hata mgeni unaweza kumpa mahali pa kupanda maharagwe, kwa sababu maharagwe yatavunwa na udongo utabaki mtupu, kana kwamba hakuna mtu aliyepita hapo. Lakini anayepanda mti, au kahawa, au majani chai, huyo anawaambia watu kwamba mahali hapa ni pake. Mimi nilikubali. Nililima kwa muda, na muda ukaendelea kuwa muda hadi kichwa kikaanza kuota mvi.

Halafu siku moja, nikipalilia, nikashikwa na hasira ambayo sikujua ilikuwa imejificha wapi. Mwea nilipanda mpunga nikiwa nimeinama ndani ya maji hadi mgongo ukalegea, na ulikuwa mpunga wa baba mkwe. Hapa napanda maharagwe ya ruhusa. Miaka yote hiyo, na hakuna kitu hata kimoja nilichokipanda kwa mikono yangu ambacho kiliwahi kuona mwaka wa pili. Nilisimama katikati ya shamba nikasema kwa sauti, peke yangu, imetosha.

Shimo la kahawa huchimbwa wakati wa kiangazi, likaachwa wazi lipigwe na jua, kisha likajazwa samadi na udongo wa juu kabla ya mvua. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, nikimfuata na karai. Kwa hiyo Januari, wakati wengine walikuwa wanajadili maazimio yao, mimi, ingawa mwaka wangu ulikuwa haujaanza, nilikuwa natekeleza langu kwa sururu. Udongo ulikuwa mgumu, mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikaendelea. Mama aliketi nje ya jiko akichambua maharagwe na kunitazama. Sikumweleza mashimo ni ya nini. Mama yangu ni mzee sasa, na maisha yake yote amekuwa upande wa mwanawe wa kiume, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na kwa sababu ndiye atakayemzika. Sikutaka kumweka mahali ambapo angelazimika kunikataza.

Ndugu yangu alikuja mwezi uliofuata kumwona mama. Alisimama juu ya mteremko akayaona yale mashimo, safu kwa safu. Nikasema basi, leo ni leo. Lakini uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Wacha! Huyu dada yangu ako na bidii!" akamwambia mama. "Ati anaweka nepia ya tumbukiza!"

Ukiwa mfugaji wa kwetu utamsamehe. Siku hizi watu hawapandi majani ya ng'ombe kwa mistari. Huchimba mashimo mapana, wakatumbukiza samadi, wakapanda nepia humo. Shimo la nepia na shimo la kahawa likiwa tupu ni kitu kimoja. Na nepia ni nyasi tu, haimpi mtu shamba. Isitoshe ng'ombe ni wa mama, na maziwa yake hufika Nyeri kila wiki kwenye jiko la ndugu yangu. Alitembea kati ya mashimo yangu akiyasifu, akanishauri niongeze samadi. Mimi nikasema asante. Sikudanganya neno, na samadi niliongeza.

Kisha nikapanda gari hadi Kutus, kwa mama mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, nikarudi na miche ya kahawa ndani ya makreti, imefunikwa gunia. Niliipanga nyuma ya choo, mahali ambapo wageni hawapendi kuzubaa.

Mvua ilianguka Alhamisi. Jumamosi wakaja kunisherehekea. Sikuwaita. Wifi yangu, mke wa ndugu yangu, ni mwanamke wa kupanga mambo; alikuwa ameamua kwamba hamsini haiwezi kupita hivi hivi, akaja na keki kutoka mjini na binti zake wawili. Mabinti hao wamekulia Nyeri, Kigikuyu chao ni cha kuombea maji tu, kwa hivyo wakiwa nyumbani sote tunaongea Kiswahili kwa ajili yao. Sijakaa vizuri kwenye kiti nikamwagiwa ndoo ya maji kutoka nyuma. Halafu ya pili. Hiyo ndiyo desturi ya vijana wa sasa. Mtu akiwa na bathdei ni lazima aloweshwe kama nguo za kufua.

"Happy birthday, tata!" wakapiga kelele. Tata ndiyo shangazi kwetu.

Nilicheka, ingawa maji ya Gakindu mwezi huo ni baridi ya kufika kwenye mfupa. Wifi akanizuia nisiende kubadilisha nguo. Akasema kwanza kila mtu anitakie jambo moja la mwaka huu mpya wa maisha yangu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuwekewa maazimio na watu wengine akiwa ameketi papo hapo. Binti mkubwa alitaka nihamie Nyeri, nikodi chumba karibu nao, niache kuchomwa na jua. Mdogo alitaka nipunguze chumvi. Wifi akafumba macho kama anayeomba.

"Mimi namwomba Mungu amkumbuke, ampe mzee mmoja mpole wa kumwoa," akasema. "Kuna mmoja Kutus alifiwa na bibi. Ako na posho mill ya kusaga unga. Hata gari ako nayo."

"Na hiyo posho mill nitaifanyia nini?" nikauliza.

"Si ukae tu, tata," binti mdogo akasema. "Urelax."

Mama akaulizwa naye. Akasema nipunguze maneno. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa naanza kuchemka. Waliyonitakia hayo yote yalikuwa mema. Na yote yalinitoa hapa.

Ndugu yangu alikuwa amebaki mwisho. Aliinuka, akaenda kwenye gari, akarudi amebeba gunia begani. Alilimwaga mbele yangu kwenye nyasi. Vilikuwa vipande vya nepia, vimekatwa vizuri, vingi vya kujaza mashimo yote.

"Mimi sikuleta maneno," akasema. "Mvua imeanguka. Jumatatu unapanda."

Wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimesimama pale, gauni limenata mwilini, maji yanatiririka hadi kwenye viatu, natetemeka. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Niliona jinsi ingekuwa rahisi kusema asante, nikapanda nyasi, nikala keki. Ningekuwa mtu mwema, na ningeendelea kuwa hapa kwa muda hadi siku ya kufa, halafu waitane wajadiliane mahali pa kunizika.

"Mimi pia niko na azimio langu," nikasema. "Hizo shimo si za nepia. Ni za kahawa. Miche iko pale nyuma ya choo."

Makofi yalikuwa yameshaisha, lakini ni kama yaliisha tena. Ndugu yangu alitazama mteremko, akatazama choo, akanitazama mimi.

"Nilikwambia miti hapana."

"Ulisema. Nimekusikia miaka hiyo yote."

"Hiyo shamba nilikupatia ya muda."

"Hukunipatia. Ni ya baba. Hata katiba inasema msichana ni mtoto sawa na mvulana."

"Katiba iko Nairobi," akasema. "Hapa ni Gakindu. Ukipanda, nang'oa."

"Ng'oa," nikasema. "Lakini uje mchana, watu wakiona."

Wifi alisema tukate keki. Niliikata mwenyewe, vipande vikubwa vya hasira, nikampa kila mtu chake, na ndugu yangu alikula chake amesimama. Mama aliangalia mikono yake. Kimya chake kiliniuma kuliko yale maneno ya kung'oa.

Jumatatu nilipanda. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo, nami nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi harusini kwangu, na nataka hilo liandikwe hivyo hivyo. Niliimba. Jirani akasimama kwenye njia na mwavuli wake, akaniuliza kama ndugu yangu anajua. Nikamwambia anajua, na kama angetaka kumpigia simu kumkumbusha, mtandao uko sawa.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, mchana, peke yake. Sikumkimbilia. Niliendelea kuwekea miche kivuli cha majani, mmoja baada ya mwingine, huku nikisikia hatua zake zikishuka kwenye tope. Alisimama kwenye mche wa kwanza. Akainama, akaushika shingoni, akauvuta. Ulitoka na udongo wake wote, kirahisi, kwa sababu ulikuwa bado haujashika. Akautupa kando.

Nilifika pale. Niliuokota, nikapuliza majani, nikapiga magoti kwenye tope mbele ya viatu vyake vya mjini, nikaurudisha kwenye shimo lake. Nikashindilia udongo kwa vidole. Kisha nikabaki hapo hapo, nimepiga magoti, nikamwangalia.

"Vuta tena," nikasema. "Mimi sina mahali naenda. Ukivuta, narudisha."

Aliunyoshea mche mkono, ukaishia njiani. Huyu ni mtu ambaye alilelewa na baba yule yule. Majirani walipong'oa kahawa yao kwa hasira ya bei mbaya, baba alitufungia nyumbani tusiende hata kutazama, akasema hicho si kitu cha watoto kuona. Sijui kama alikumbuka hayo. Mimi niliyakumbuka.

"Huna mtoto," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ukikufa, nani atachuma hii kahawa?"

Swali hilo alikuwa amelibeba miaka mingi, na sote tulijua kwamba chini ya kila neno alilowahi kuniambia lilikuwepo. Nilifikiri litaniangusha siku likitamkwa. Halikuniangusha.

"Unaniuliza nikikufa," nikasema. "Hujawahi kuniuliza nikiishi. Hii huzaa mwaka wa tatu. Nitakuwa na hamsini na tatu, na nitakuwa hapa, na nitachuma mimi. Ukipenda kuchuma na wewe, karibu, kikapu nitakupatia."

Alipanda mteremko taratibu, akapita mlangoni kwa mama bila kuingia, nikasikia gari likiwaka.

Mama alikuwa ametoka nje. Alikuwa ameona yote. Alishuka na fimbo yake, akiteleza, akikataa mkono wangu, hadi akafika kwenye safu ya mwisho. Hapo niliishia, katikati ya mteremko, kwa sababu hata katika ujeuri wangu wote nilikuwa nimeogopa kuchukua sehemu kubwa. Chini zaidi, mbali, ilikuwapo itoka, yale maua ambayo baba aliyapanda kuonyesha pale ardhi yake inapoishia.

Aliitazama safu yangu, kisha akainua fimbo akaielekeza kule chini kwenye maua.

"Mbona umeachia hapa?" akasema. "Shamba la baba yako linaisha kwa itoka."

Nikaenda kuchukua sururu.