Nyumba Iliyovalishwa Mapazia

Dada yangu ni fundi cherehani. Alipoamua kuuza nyumba yake, ilikuwa kwa sababu ya duka moja la pembeni mwa soko, lenye dirisha pana la kioo, ambapo anayeshona huonekana na kila apitaye. Mwenye duka alikubali kumngoja hadi Jumamosi, basi. Tangu afiwe na mumewe sikuwa nimemwona akitamani kitu namna ile. Alikuwa akisugua sakafu huku anaimba.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alipaka rangi. Mimi nilibeba makorokoro. Dada alishona mapazia: ya madirisha, ya milango, ya rafu chini ya sinki, hata ya kisanduku cha umeme.

"Shemeji, ukimaliza hapo nishonee na mimi," alisema yule wa rangi, akiwa juu ya ngazi.

"Nikikupendezesha wewe, mnunuzi atakubeba pamoja na nyumba."

Pazia la mwisho alilitundika sebuleni, kwenye ukuta usio na dirisha. Hapo palikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na kila ulipopakwa rangi ulijitokeza tena. Zamani hapo palikuwa na mlango. Marehemu aliuziba kwa matofali.

"Si uwaambie tu?" nilimuuliza.

"Nani ataniamini? Wataona nyumba inaanguka."

Ijumaa asubuhi walikuja muuguzi na mumewe, dereva wa lori. Muuguzi alishika kila pazia, akageuza pindo kutazama mshono. Kila aliposema "pazuri hapa," dada alinifinya mkono. Wakafika sebuleni.

"Na hili dirisha linatazama wapi?" aliuliza muuguzi, akalivuta.

Tukabaki tunautazama ufa.

"Sasa mama," alisema dereva taratibu, "ukuta umevaa nguo. Huko kwingine kumefichwa nini?" Akaanza kufunua rafu na kisanduku, mkewe akiwa ameshashika mkoba wake.

Dada akavuta kiti, akapanda, akaanza kuyashusha mapazia mwenyewe, chumba hadi chumba, sisi tukimfuata nyuma.

"Njooni mwone. Hapa bomba linavuja. Fremu hii imeliwa na mchwa. Na pale sebuleni palikuwa na mlango, mume wangu aliuziba. Leteni fundi wenu wenyewe, si wangu."

Walimleta mchana ule ule, fundi mwashi mnene asiye na maneno mengi. Aligonga, akakwangua plasta kwa mwiko, na umbo la mlango likatokea wazi, matofali mapya katikati ya yale ya zamani.

"Msingi mzima," alisema. "Hiki ni kiraka tu."

Bila mapazia mwanga ulikuwa umejaa kila mahali. Muuguzi alikuwa tayari anamwonyesha mumewe kitanda kitakaa wapi. Dereva alipunguza bei kwa ajili ya bomba na mchwa, na dada akakubali bila kubishana, jambo ambalo sijapata kuliona.

"Lakini mapazia yanabaki," alisema muuguzi.

"Yote?"

"Yote, ila la ukutani uende nalo."

Dada alikuwa ameshavaa viatu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Si umpigie simu mwenye duka?" aliita shemeji.

"Nikimpigia atanisikia tu," alijibu akiwa getini. "Nataka anione."