Shanga za Juzi Tu

Leo mtaalamu wa mambo ya kale kaniambia nitupe shanga za marehemu mdogo wangu.

Msimlaumu. Hakujua.

Kile kiwanja chetu tulichouza hapa Tabora kinajengwa nyumba za kupangisha. Kabla ya kujenga, wanachimba kwanza kutafuta mabaki ya misafara ya zamani ya biashara. Nami nimepata kibarua hapo, nachekecha udongo. Ndiyo, udongo wa uani kwetu wenyewe.

Asubuhi chekeche langu likabakiza shanga nyekundu, ndogondogo. Watu wakajaa, simu zikatoka, maana watu wa misafara walikuwa wananunua vitu kwa shanga.

Dada mtaalamu akazigeuza kiganjani.

"Hizi plastiki. Za juzi tu, tupa."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikakaa chini.

Mdogo wangu Mwaju alipofariki, mama alizitafuta shanga zake nyekundu za kiunoni ua mzima, akitambaa. Hakuzipata. Tangu siku hiyo hajawahi kuzitaja.

Nikamweleza yule dada. Akazifunga kwenye karatasi mwenyewe. "Pole sana. Mpelekee mama."

Nimempelekea. Ameziosha, akaomba uzi. Nikadhani anataka kuzivaa mkononi.

Majirani wa zamani mnaonisoma, kama bado mnamkumbuka Mwaju, mpigieni mama simu leo.

Amekata uzi bila kupima popote, akatunga, akafunga fundo.

Jamani, ni saizi ya kiuno cha mtoto anayejifunza kutembea.