Singo ya Mzungu na Mbuzi wa Mama

Tangu enzi za ruksa zifungue milango ya biashara na mitumba imwagike Majengo kama mtama uliotoboka gunia, hapakuwa na mrekodi kanda wa kumshinda Hanifu. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na alisema kila siku.

"Nipe sauti yoyote, hata ya kukohoa," alitamba kibandani kwake. "Nitakutajia mwenyewe, ukoo wake na alichokula jana."

Sauti moja tu ilimshinda, na hiyo hakumwambia mtu: ya mama yake. Bi Mwantum alifariki kule Kondoa, Hanifu akiwa utingo wa lori, yuko safarini. Alifika kaburi limeshafukiwa. Sura aliikumbuka, mikono aliikumbuka, lakini sauti ilimtoka, akaitafuta kichwani mpaka akachoka.

Jirani yake Zaitun, muuza mitumba, alikuwa akimletea kanda alizozikuta kwenye mifuko ya makoti. Hanifu anaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kanda isirekodiwe tena, anarekodi taarabu juu yake, kazi kwisha. Siku hiyo ikaja kanda ya dada mmoja wa Kiingereza, pichani kakumbatia gitaa, nywele hazijui kitana.

"Hii singo," Hanifu akacheka. "Wimbo mmoja tu! Halafu wameurudia huohuo upande wa pili. Wazungu bwana, wamekosa hata cha kujazia?"

"Punguza maneno. Nijazie taarabu pande zote, mwanangu anaolewa Ijumaa. Na usiniharibie."

"Da Zaitun, mimi niharibu? Redio nzima ya taifa wangenijua, wangenililia!"

Upande wa kwanza akaurekodia taarabu bila hata kuusikiliza. Alipogeuza, akaona kwanza amsikie huyo dada, apate cha kuchekea. Gitaa likanguruma kama bati linaloburutwa juu ya mawe, dada analalamika kama kafiwa. Mara gitaa kimya. Ukaja mlio wa mchi kwenye kinu, na mwanamke anaimba Kirangi, lugha ya kwao Kondoa.

Hanifu akasogeza sikio kwenye spika. Yule mwanamke akakatisha wimbo, akafoka kwa Kirangi chake kile kile:

"Hanifu! We Hanifu! Mtoe huyo mbuzi kwenye mtama!"

Kitoto kikacheka. Mchi ukaendelea.

Hanifu akakalia ndoo ya maji, na maji yakiwemo. Akakumbuka enzi za utoto wake: mgeni wa Kizungu aliyefikia kwa mwenyekiti wa kijiji, akaweka mashine yake ya kunasa sauti kando ya kinu, na watoto wakaambiwa wanyamaze. Sauti ile ilipita mikono gani hadi ikachomekwa katikati ya wimbo wa dada huyu, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha akashtuka zaidi. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe chekundu cha kurekodi. Upande wa kwanza ameshamfuta mama yake kwa mkono wake mwenyewe, kamfukia chini ya taarabu. Wazungu wangekuwa wajanja kama alivyotaka yeye, wangejazia wimbo mwingine huku, na mama asingebaki popote.

"Kanda yangu tayari?" Zaitun huyo mlangoni.

"Hii sitoi."

"Umeniharibia! Nilijua! Domo kubwa, mkono mbovu!"

Hanifu akainuka kwenye ndoo. Akashusha kutoka juu ya rafu kanda mpya, bado imo kwenye nailoni, ile aliyoringia mtaa mzima kwamba haiguswi na mtu. "Nitakujazia hii, pande zote."

Zaitun akaitazama kanda, akamtazama yeye. "Unaumwa?"

Hanifu akairudisha nyuma kidogo ile kanda ya singo, akabonyeza. Zaitun naye mtu wa Kondoa, Kirangi kwake si kigeni. Akasikiliza mchi, akasikiliza wimbo, akasikiliza ile kelele.

"Mama wa watu anamfokea Hanifu gani?"

"Mimi."

Zaitun akashika mdomo. Gitaa likarudi na kelele zake. Ndipo Zaitun akauliza, polepole, "Na mbuzi, ulimtoa?"

Hanifu, bingwa wa majibu Majengo nzima, alikuwa anachokonoa kwa kucha zile karatasi kwenye vitundu vya kanda, isije ikarekodiwa tena.

"Sikumtoa, dada," akasema. "Si unanisikia nacheka?"